Maumivu ya Namba Kumi na Moja

Jumatatu ya wiki ya kwanza ya msimu, saa mbili asubuhi, Shangazi alitandika taulo safi juu ya kitanda cha kuchulia, akapasha mafuta kwa viganja vyake, kisha akamtoa kapteni wa timu maumivu ya mgongo. Yalitoka kama changarawe. Aliyakusanya kwenye kikopo tupu cha dawa, akabandika plasta juu ya kifuniko, akaandika namba ya jezi na tarehe, akakiweka kabatini. Kapteni alivaa fulana yake, akasema, "Asante, Shangazi," akaenda mazoezini.

Hakuwa shangazi wa kapteni. Pale klabuni alikuwa shangazi wa mtu mmoja tu, mchezaji wa kati mwenye jezi namba kumi na moja, aliyeitwa Mlingoti kwa ajili ya urefu wake. Alikuwa mtoto wa kaka yake, naye ndiye aliyemlea tangu kaka alipofariki, mtoto akiwa na miaka tisa. Mlingoti alipokuwa akiita "Shangazi!" kwenye korido, timu nzima iliiga, kisha kocha, kisha hata mlinzi wa getini, ambaye kwa umri angeweza kuwa baba yake.

Alikuwa mchua misuli wa klabu hiyo ya mpira wa kikapu kwa miaka kumi na saba. Mikono yake ilianza kutoa maumivu mwaka wa pili wa kazi, siku ya Jumatano, bila kufundishwa na mtu. Daktari wa timu alikuja, akakiinua kikopo cha kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama kinahitaji friji. Aliposikia hakihitaji, akampa rafu mbili za kabati.

Kila mchezaji alikuwa na yake. Ya wale wepesi wa pembeni yalitoka kama mchanga, ya wenye vifundo vibovu kama vipande vya chupa, na kulikuwa na mmoja ambaye kila akichuliwa bega zilitoka punje mbili tu kama za mtama, wenzake wakamcheka kwamba hata maumivu anayafanyia ubahili.

Shangazi alikuwa na sharti moja. Hakutoa maumivu kabla ya mechi. Baada ya mechi sawa, mtu akapumzike. Lakini kabla ya mechi, alisema, maumivu ni mlinzi wa nyumba. Ukimfukuza mlinzi, usije ukauliza nani aliingia.

Msimu ulianza vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Timu ilishinda mechi mbili za mwanzo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka tisa, na wachambuzi wa redioni wakaanza kusema habari za mwelekeo. Walimtaja zaidi Mlingoti. Kila mpira uliokosa kikapu, watu wote wakiinua mikono, yeye aliuchuma kule juu kama papai. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na hajawahi kutajwa redioni mara tatu katika wiki moja.

Mwishoni mwa mechi hiyo ya pili aliruka katikati ya watu wawili akatua juu ya kiatu cha mwenzake. Asubuhi yake msemaji wa klabu alitoa taarifa ya kikosi: namba kumi na moja, goti, hali yake inatazamwa siku kwa siku. Daktari alikuwa amekwisha kulipiga picha. Gegedu lilikuwa limechanika, na dawa yake ilikuwa wiki sita za kukaa. Picha aliiweka kwenye droo.

Kocha alikuja chumba cha kuchulia akabaki mlangoni.

"Mechi ya tatu ni na mabingwa, Shangazi."

"Ratiba ninayo ukutani."

"Basi mtoe maumivu."

"Sharti langu unalijua."

"Nalijua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu."

Alikataa. Kocha hakubishana naye. Alikwenda zake, na baada ya robo saa akaja Mlingoti, akichechemea, akajilaza kitandani miguu ikining'inia nje kama kawaida yake.

"Nitoe, Shangazi."

"Wiki sita si nyingi, baba."

"Nyingi. Nikikaa wiki sita, nikirudi nakuta nafasi yangu ina mwenyewe. Nimengoja miaka minane nitajwe. Nitoe mara hii moja tu."

Shangazi alilitazama lile goti. Alikuwa amelifunga bandeji tangu likiwa goti la mtoto wa shule. Akapiga moyo konde, akaweka mikono.

Yalitoka kama makaa, vipande saba, vyenye moto. Kikopo cha plastiki kiliyeyuka, ikabidi aazime ndoo ya bati kwa mfanya usafi.

Mlingoti aliwafunga mabingwa pointi ishirini na mbili. Taarifa ya klabu ilisema namba kumi na moja yuko fiti. Mara hiyo moja ikazaa ya pili, na ya pili ya tatu. Kila asubuhi ya mechi alijilaza, na kila asubuhi makaa yaliongezeka. Ndoo ilijaa, ikaja nyingine. Chumba kikawa na joto zuri, na mfanya usafi akawa anaanika taulo juu ya lile kabati, zinakauka kabla hajamaliza kupiga deki. Timu ilikuwa imeshinda mechi sita kati ya saba.

Shangazi alianza kukosa hamu ya chakula. Goti lilikuwa limevimba likawa na umbo la boga, na Mlingoti alipopanda ngazi lilitoa sauti kama ya mtu anayetafuna karanga. Yeye hakuhisi kitu. Alisema ule mguu anauona kama wa mtu aliyekaa naye kiti kimoja. Shangazi akamfuata kocha.

"Goti limekwisha. Mpumzishe."

"Analalamika?"

"Atalalamikaje? Malalamiko yake nimeyaweka kabatini."

"Basi halalamiki," alisema kocha, naye alilisema hilo kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu mkali.

"Mficha maradhi kilio humuumbua, kocha."

"Kilio ulikitoa wewe, Shangazi. Mimi niliomba tu."

Mechi ya nane ilichezwa Jumamosi alasiri nyumbani. Shangazi alikaa mwisho wa benchi na sanduku la barafu. Katika robo ya tatu alisikia mlio wa kijiti kikavu kikivunjwa, akajua, kabla hajaona. Mlingoti hakujua. Alirudi kulinda, akapanda tena kushambulia, mguu umegeukia pembeni kabisa. Watazamaji walinyamaza safu kwa safu, kuanzia za chini. Alidhani wamekasirishwa na mwamuzi. Akainua mkono aombe mpira, akapewa, akafunga. Kikapu hicho kilihesabiwa.

Ndipo akatazama chini.

"Shangazi," aliita kutoka katikati ya uwanja, kwa sauti ya mtu aliyepoteza funguo, "mbona mguu wangu unatazama kule?"

Madaktari wa hospitali waliunga walichoweza. Walisema atatembea kwa gongo, na habari ya kuruka asiitaje tena. Barua ya klabu ilifika kabla bandeji ya kwanza haijabadilishwa. Ilisema mkataba umevunjika kwa kosa la mchezaji, kwa kuwa ni wajibu wa mchezaji kuripoti maumivu, na faili la daktari linaonyesha kwamba kwa mechi sita mfululizo namba kumi na moja hakuripoti maumivu yoyote. Taarifa ya kikosi wiki hiyo ilikuwa fupi zaidi: hayupo.

Shangazi alibeba ndoo zote mbili, moja kila mkono, akapanda nazo hadi ofisi ya meneja na kuziweka juu ya meza. Meza ilianza kutoa moshi. Meneja alisogeza makaratasi, akaagiza sinia, akachungulia ndani bila haraka.

"Sibishi kwamba ni maumivu," alisema. "Nayaona, na joto lake linanifikia. Tatizo ni kwamba maumivu ni ya yule aliye nayo mwilini. Haya yako kwenye ndoo. Na ndoo, Shangazi, ni mali ya klabu. Ulipaswa kuomba ruhusa kuitoa chini."

Aliomba ruhusa, akapewa, akaenda nazo nyumbani.

Mlingoti alikuwa sebuleni, amelala kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Alikuwa akisalimiana na wageni waliokuja kumpa pole, anawachekea, anawauliza habari za watoto wao. Walipoondoka alizitazama zile ndoo.

"Nirudishie."

"Yatakuua, baba. Ni ya mechi sita."

"Tangu mguu uvunjike sijalia, Shangazi. Watu wananipa pole, nawaitikia kama niliyefiwa na jirani. Mguu ni wangu. Nipe msiba wangu."

Shangazi alianza kesho yake baada ya chai ya asubuhi. Alichukua kaa moja moja kwa vidole, akalikandamiza juu ya goti mpaka likazama. La kwanza Mlingoti alilipokea kimya. La nne aliuma mto. Walipofika ndoo ya pili alikuwa akilia kwa sauti, analia kwa goti, analia kwa miaka minane ya benchi, kila kaa akilitambua ni la mechi gani na alifunga ngapi siku ile. Majirani walikuja, wakakaa ukumbini kama wanavyokaa watu kwenye msiba, na mmoja wao akaenda kuchemsha maji.

Katikati ya kilio akamshika Shangazi mkono.

"Kwa nini ulikubali?"

"Uliniomba."

"Mimi niliomba. Wewe ulikuwa mkubwa wangu."

Shangazi alichukua kaa lililofuata. Alasiri ilipoingia, ndoo zilikuwa tupu na vidole vyake vimeungua mpaka kwenye kucha.

Kesho yake walikwenda kwa daktari wa timu ayaandike maumivu kwenye faili, Mlingoti akiwa amekunjwa kwa uchungu kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Daktari alimpima kwa makini. Aligusa, akauliza wapi, akaandika. Aliandika kwamba maumivu ni makali sana, ni ya kweli, na yameanza jana, baada ya mchezaji kuondoka klabuni. Alipomaliza alifungua droo kutafuta mhuri, na picha ya goti ilikuwa pale juu, akaisogeza.

Mchezaji mpya wa kati alisajiliwa wiki hiyohiyo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, mpole, anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Asubuhi ya mechi ya kumi alijilaza kwenye kitanda cha kuchulia akaonyesha kifundo cha mguu. Shangazi aliweka mikono. Aliyahisi yale maumivu chini ya kiganja, yanasogea kama kifaranga ndani ya yai. Akaiondoa mikono.

"Sioni kitu," alimwambia. "Kama kinauma, kaa chini."

Kijana akakaa chini mechi hiyo, na timu ikafungwa. Kufikia Alhamisi klabu ilikuwa imepata mchua misuli mwingine, ambaye mikono yake, walisema, ni mepesi zaidi na haina masharti. Shangazi alikabidhi funguo za kabati, akahesabu vikopo mbele ya shahidi, akasaini.

Jumamosi alasiri walisikiliza mechi redioni, yeye na Mlingoti. Kijana yule alicheza dakika zote, akadaka mipira kumi na sita, na mtangazaji akasema mwelekeo mzuri wa mwanzo wa msimu umerudi. Kila mpira ulipokosa kikapu, bega la Mlingoti liliinuka kidogo pale kwenye kochi. Kipenga cha mwisho kilipopulizwa alizima redio.

"Shangazi, goti linauma."

"Wapi?"

"Hapa."

Akaweka mkono wake pale. Maumivu yalikuja mara moja yakagusa kiganja, yenye moto, tayari kutoka. Hakuyatoa. Aliuacha mkono hapohapo, akamwuliza kama ale sasa au baadaye, naye Mlingoti akasema baadaye.