Waya wa Mita Moja na Nusu

Kidawa alimfunga mumewe vifungo vya shati huku mswaki uko mdomoni, maana wangesubiriana wangechelewa wote wawili. Zahran alisimama mbele yake mikono inaning'inia. Mtu mzima, miaka thelathini na tisa, kidevu kimeanza kuingia mvi, na tangu mwezi wa Rajabu vidole vyake havijui kifungo wala tundu lake.

"Leo utamwambia Hisham?" Kidawa aliuliza baada ya kutema povu.

"Nimwambie nini? Leo ndiyo siku yenyewe. Nikishatia saini mkataba, kesho nnakwenda hospitali na kadi yao ya bima. Nikimwambia kabla, mkataba utakwenda kwa mwengine."

"Yaani mpaka uwe mzima ndiyo wakutibu."

"Ndivyo."

Kichekesho kipo hapo, anayetaka kucheka na acheke. Daktari alikwishamchoma sindano ncha za vidole, kumi vyote, na Zahran akawa anatazama dirishani tu. Akaambiwa aache mashine ya polishi anayoishika kazini na akapimwe mishipa. Kipimo kipo hospitali ya watu binafsi, na bei yake mtu asiye na bima huisoma ukutani akarudi kwao. Kidawa anachora piko na hina kwa maharusi, na miezi hii harusi si nyingi. Kwa hiyo tegemeo lilikuwa mkataba, na mkataba ulikuwa kwa Hisham.

Hisham ana gereji mtaa wa Kwa Mchina, ya kuosha magari na kuyapiga polishi. Zahran alikuwa fundi wake wa polishi kwa miaka sita, kibarua wa siku, hana hata kipande cha karatasi. Miaka sita mashine ni ileile. Bolibering zake zimelika, ukiiwasha inatikisa mkono, bega, mpaka meno. Mwanzo vidole vilikuwa vinamwasha jioni tu. Halafu vikawa vinageuka vyeupe asubuhi akishika maji ya udhu. Halafu ganzi ikaja, ikakaa, ikajifanya mwenyeji. Kila alipotaja mashine mpya, Hisham alimwambia, "Ngoja kontena lifike, yakhe." Makontena yalifika mengi.

Na waya. Waya wa mashine ile una mita moja na nusu, na soketi ni moja tu, kwenye nguzo. Zamani palikuwa na ekstensheni ndefu, fundi anazunguka gari anavyotaka. Miezi minane iliyopita akaja mkaguzi wa usalama kazini, Bwana Mbarouk, akaiona ekstensheni imelala kwenye maji. Akaandika mambo mawili: iondolewe, na soketi ziongezwe kuta zote. Alisema kweli, umeme na maji havina urafiki. Hisham akalitimiza la kwanza siku ileile, kwa kuwa halikuwa na gharama. La pili mpaka leo linasubiri fundi wa umeme asiyeitwa.

Tokea hapo Zahran alifanya kazi kama mbuzi aliyefungwa, kamba inakwisha majani bado yapo. Mashine ya kushikwa kwa mikono miwili karibu na tumbo, yeye alikuwa anaishika kwa mkono mmoja, kaunyoosha mpaka mwisho, waya umekazika nyuma yake. Mtetemo wote ukawa unaingia kwenye mkono huo mmoja. Alikuwa akiuzungushia mpini kipande cha kanga ya Kidawa, ikasaidia kidogo, kisha ikawa haisaidii.

Saa tatu gari likaingia. Alphard nyeusi, inang'aa kabla hata haijaguswa, kutoka hoteli moja ya Kendwa. Aliyeileta ni Amour, msimamizi wa magari ya hoteli, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno machache. Magari yao ni saba. Hili lilikuwa la majaribio. Likitoka vizuri, Hisham anapata kazi yao mwaka mzima, kwa sharti moja la hoteli: fundi awe na mkataba na bima. Hisham alikwishauchapisha. Asubuhi ile alimwonyesha Zahran, umo ndani ya bahasha ya plastiki, jina lake lote limeandikwa, Zahran Khalfan Zahor. Zahran aliusoma mara mbili.

"Piga kazi, utaweka saini saa saba," Hisham alimwambia. "Leo usinitie aibu."

"Inshallah."

Sasa lazima msomaji ajue jambo moja la kazi hii. Sponji ya mashine inapozunguka juu ya rangi, bati linapata moto. Moto ukizidi, rangi inaungua, na iliyoungua haina dawa ila kupigwa upya. Fundi hana kipimo. Kila baada ya mizunguko michache anazima mashine, anagusa bati kwa mgongo wa mkono, vile mama anavyomgusa mtoto mwenye homa. Likiwa na joto, anaacha lipoe. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo mafundi wote wanavyofanya.

Na tangu Rajabu, Zahran alikuwa hagusi kwa mkono. Alikuwa akiangalia kulia na kushoto, akishaona hapana mtu anainama na kuweka shavu juu ya bati. Shavu lilikuwa bado linasikia. Kwa shavu lake hakuunguza gari hata moja.

Lakini leo Amour alivuta kiti akaketi mita mbili mbele ya boneti, simu mkononi, macho kwenye kazi. Hisham akasimama pembeni yake.

Zahran alimaliza milango ya upande wa nguzo bila tabu. Alipofika kwenye boneti akaomba gari ligeuzwe, waya haufiki upande wa pili.

"Nshaligeuza mara mbili," Amour akasema. "Kwani hapa kazi ni kupiga polishi au kucheza gwaride?"

Hisham akacheka kumridhisha mgeni. "Jivute tu, Zahran. Utafika."

Akajivuta. Tumbo juu ya taulo, mkono wa kulia umenyooka, waya umekaza mpaka plagi inainama. Mashine ikawa inamruka kwenye kiganja na yeye haijui ila kwa kuitazama. Hakuweza kuizungusha vizuri kwa masafa yale, ikawa inakaa palepale, kwenye ile pembe ya mbali. Akazima. Sasa alitakiwa kupima.

Aliwatazama. Walikuwa wanamtazama. Fundi gani anayelala na uso juu ya gari la watu? Wangeuliza, na angejibu nini? Basi akanyoosha mkono, akagusa boneti kwa mgongo wa vidole, kifundi, taratibu kabisa. Hakusikia kitu. Akasema moyoni labda kumepoa kweli. Mtu mwenye shida huwa tayari kuamini chochote. Akawasha tena.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Amour akasimama. Zahran alipoinua mashine, pembe ya boneti ilikuwa na doa la kijivu, pana kama sahani, katikati rangi imechubuka mpaka chini.

Hisham alikuja, akalitazama doa, akamtazama Zahran, kisha akamshika mkono akaukandamiza juu ya bati.

"Hapa pana moto au baridi?"

Zahran alibahatisha. "Baridi kidogo."

Hisham akagusa kwa mkono wake mwenyewe na kuurudisha upesi, akivipuliza vidole.

"Tangu lini?"

"Rajabu."

"Na wewe umekaa kimya."

"Ningesema ungenifanya nini, Bwana Hisham?"

Hisham si mtu mbaya, tusimsingizie. Alichosema alikisema akiwa anatazama sakafu: "Mkataba unataka mtu mzima wa afya. Si maneno yangu, ni yao." Amour alikuwa tayari anapiga simu kutafuta nani atalipa boneti, na akasema magari sita yaliyobaki wayasahau.

Zahran alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri. Alitaka kulia na machozi hayakuja. Alikuwa anafikiri atamwambiaje Kidawa. Baada ya sala, kama aliyetumwa, akaingia Bwana Mbarouk mkaguzi, kibao chake cha karatasi kwapani. Amekuja kuhakiki.

"Ekstensheni imeondoka. Vizuri sana," akasema, akaweka alama ya vema. Mtungi wa kuzimia moto, vema. Mabuti, vema. Soketi hakuziuliza.

Zahran akainuka. "Shikamoo. Mimi mikono yangu imekufa ganzi, Bwana Mbarouk. Ni mtetemo wa mashine ile, na waya mfupi. Niandikie."

Mbarouk aliipitia fomu yake juu mpaka chini, na haki yake apewe, aliipitia kweli. "Mtetemo humu haumo. Kuna kukatwa, kuungua, kuanguka, kupigwa na umeme. Umepigwa na umeme?"

"La."

"Basi mimi naandika kinachoonekana, ndugu yangu. Nenda ofisini kwetu, chukua na mkataba wako wa kazi, watakusikiliza."

"Sina mkataba."

"Basi itakuwa vigumu. Ila hapa panahitajika saini ya mfanyakazi mmoja, ripoti ikamilike."

Hisham akamsogelea Zahran, akamwambia kwa sauti ya chini, na ilikuwa sauti ya huruma, hilo ndilo lililouma zaidi: "Weka saini. Boneti sitokudai. Na kesho njoo, utashika mpira wa maji, utaosha. Mpira hautikisiki."

Zahran akawaza kesho. Akaichukua kalamu. Ikamponyoka, ikaanguka. Akaiokota kwa tabu, ikaanguka tena na kubingirika chini ya gari.

"Weka dole gumba basi," Mbarouk akasema, akailaza fomu mezani na kufungua kidau cha wino.

Zahran akachovya, akalipeleka dole kwenye karatasi, macho yake yako kwenye doa la boneti, akangoja.

"Nshabonyeza?"

"Bado. Umegusa mezani."

Mbarouk akalitazama lile dole, akamtazama mwenyewe usoni, kisha akatazama saa yake. Alikuwa na gereji mbili bado. Akalishika dole la Zahran kwa vidole vyake, akalichovya upya, akalipeleka mpaka kwenye mstari ulioandikwa *Mfanyakazi anathibitisha kuwa hana madhara yoyote yatokanayo na kazi*, akalikandamiza kwa nguvu zake.

Alama ilitoka nzuri, kila mkunjo unaonekana. Mbarouk akaipuliza ikauke, akamshukuru, akaondoka.