Benchi la Wadekaji

Umewahi kumwona mwanao anatetemeka kwa homa, ukampita na ndoo mkononi kana kwamba humjui? Usiombe. Yalimkuta mama mmoja, mchana kweupe, watu wanaona.

Mama huyo alikuwa mfagizi wa shule. Asubuhi anafagia uwanja, watoto wakishaingia madarasani anapiga deki veranda, kisha vyoo, kisha ofisi. Sabuni ilipopanda bei shule iliacha kuinunua, akaambiwa maji nayo yanasafisha. Basi akasugua kwa maji matupu na nguvu za mabega.

Mwanawe wa pekee alikuwa darasa la kwanza hapohapo. Nyumbani alimwita Kitone, maana alizaliwa kadogo, kanaenea kwenye kanga iliyokunjwa. Lakini pale shuleni hakuna aliyejua kuwa ni wake. Mwalimu mkuu alikuwa amekataza mfanyakazi yeyote kuwa na mtoto kwenye shule hiyo, tangu alipomfumania mpishi wa zamani akiwapakulia wanawe ukoko kabla ya wenzao. Mpishi alifukuzwa, sheria ikabaki. Sasa mfagizi angefanyaje? Shule nyingine ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori. Dada yake ndiye aliyekwenda kumwandikisha mtoto, na kwa kuwa hakuwa na simu, akatoa namba ya mama mwenyewe.

Kitone akafundishwa: "Tukifika getini, mimi si mama. Mimi ni anti, kama wanavyoniita wenzako."

Mtoto aliona ni mchezo. Akipita verandani anasema, "Shikamoo, anti," halafu anaficha kicheko ndani ya kola.

Siku hiyo hakucheka. Asubuhi uji ulimshinda, na paji lake la uso lilikuwa na vuguvugu. Mama akajiambia ni joto la blanketi. Na kama si la blanketi, angemwacha na nani? Akamvika sweta wakaondoka, mmoja mbele, mwingine nyuma, kama wapita njia.

Shule ile haikuwa na chumba cha mgonjwa. Ilikuwa na benchi la mbao nje ya ofisi, juani. Mtoto akisema anaumwa anakalishwa hapo. Mwalimu mkuu alikuwa na hoja yake: anayeumwa kweli atakaa, anayedeka jua litamrudisha darasani. Wanafunzi wakaliita benchi la wadekaji, na ukikalishwa pale wanakuzomea madirishani. Ndiyo maana wale wadogo walijifunza kuumwa kimyakimya.

Mama alikuwa anakamua tambara alipomwona mwalimu wa darasa la kwanza anamleta Kitone, kamshika bega kama mtu anayeongoza kipofu.

"Huyu kalaza kichwa tangu asubuhi," mwalimu akamwambia karani dirishani. "Kila nikimuuliza anasema haumwi. Mshike uone, anaungua."

Karani alikuwa mgeni pale, hata majina ya walimu alikuwa bado anayachanganya. "Mkuu kasema apigiwe mzazi kwanza. Bila mzazi hatumpeleki popote, tusije tukabebeshwa lawama."

"Basi mpigie upesi. Mimi kule nimeacha watoto wamejazana kama njugu guniani, watang'oana macho." Akarudi darasani mbio.

Karani akapiga simu. Na kule stoo, nyuma ya mafagio, simu ya mama ikaanza kuita ndani ya mkoba wake. Wafagizi hawakuruhusiwa kutembea na simu. Mama akaisikia inaita, inaita, mpaka ikachoka.

"Hapokei," karani akasema. "Wazazi wa siku hizi! Wanazaa, halafu wanatutupia sisi."

Mama akainamia deki lake. Akifukuzwa leo, watakula nini? Mwenye nyumba naye hana dogo, kufuli lake liko mfukoni muda wote. Akajipa moyo: homa za watoto hupanda na kushuka. Akadeki mbele ya benchi, akarudia palepale, na tena palepale, mpaka saruji ikang'aa.

"Kitone," akanong'ona bila kuinua kichwa. "Wapi panauma?"

Mtoto akafungua macho, mekundu. Kwanza akatazama dirisha la ofisi. Ndipo akajibu, "Hapaumi, anti."

"Niambie kweli. Hakuna anayesikia."

"Nasikia baridi, anti."

Jua lilikuwa linachoma kisogo. Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana.

Mama akaenda dirishani, mikono inachuruzika maji. "Dada karani, yule mtoto asogezwe kivulini basi. Apewe hata maji."

"Umeshakuwa daktari, mfagizi wetu? Haya, kisanduku cha huduma ya kwanza kile pale ukutani. Ufunguo anao Mkuu."

"Kina dawa?"

"Siku nilipokiona wazi kilikuwa na chaki za rangi na soksi moja," karani akacheka. Mama hakucheka.

Mwalimu mkuu akatoka, miwani juu ya paji la uso. "Kelele za nini?"

"Ni mtoto, Mkuu. Anatetemeka."

"Mtoto wa nani?"

Mama akamwangalia. Akaliangalia benchi. Akaangalia ndoo yake.

"Sijui, Mkuu."



"Basi kama hujui, kamata kazi yako. Karani, mpigie tena mzazi."

Karani akapiga, na stoo nayo ikaitikia. Mwalimu mkuu akageuza shingo. "Na hiyo simu ya nani? Si nilikataza simu humu?"

Mama akadakia: "Itakuwa ya mpishi, Mkuu."

"Nitaongea naye." Karani akakata, simu ya stoo nayo ikanyamaza, na wasomi wale wawili hawakushtuka. Nani atamdhania mfagizi?

Mwalimu mkuu akarudi ofisini, lakini hakuwahi hata kuketi. Kilisikika kishindo kidogo nje, kama mkoba wa vitabu umeanguka.

Ulikuwa si mkoba. Kitone alikuwa chini, macho yamegeuka meupe, mikono na miguu inarukaruka, povu pembeni mwa mdomo. Degedege. Walimu wakatoka madarasani mbio. Mmoja akapiga kelele, "Kijiko!" Mwingine, "Kitunguu, leteni kitunguu!" Mwalimu wa darasa la kwanza alipiga magoti akamlaza ubavu, naye analia.

"Asiguswe!" mwalimu mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa na woga kuliko ya wote. "Mzazi wake hajafika. Akitufia mikononi tutasema nini?"

Mama hakujua ndoo ilimtoka saa ngapi. Aliona tu maji yanatiririka kwenye ngazi, na yeye kapiga magoti kwenye maji hayo. Mirukoruko ikapungua, ikakoma. Mtoto akalegea kama nguo mbichi. Mama akaweka sikio puani: pumzi ilikuwapo, nzito, inakoroma. Akamwinua, akamlaza begani, akakimbia.

"Mfagizi! Unampeleka wapi?"

"Zahanati!"

"Kwa ruhusa ya nani?"

Viatu vya plastiki vilimtoka uwanjani, akaviacha.

Getini alikuwapo mlinzi, mzee ambaye watoto walimwita Mzee Kufuli. Akasimama mbele ya geti, ufunguo unaning'inia shingoni.

"Binti yangu, sheria unaijua. Mtoto hatoki ila na mzazi wake. Nikikufungulia, kesho ufunguo huu anauvaa mwingine."

"Mguse, mzee wangu. Mguse tu."

Mzee akaweka kiganja kwenye shingo ya mtoto, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria motoni. Mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Halafu ukarudi, maana mwalimu mkuu alikuwa anakuja mbio, tai imepeperukia begani, na karani nyuma yake, simu sikioni, bado anampigia mzazi. Vichwa vya watoto vilijaa madirishani. Hakuna aliyezomea.

"Mrudishe huyo mtoto!" mwalimu mkuu akafoka, anahema. "Unajichukulia tu kama mzigo wa kuni? Mtoto huyo ana wenyewe!"

Mama akageuka. Pumzi ya Kitone ilikuwa inamchoma shingoni, fupi fupi. Sauti ilimtoka nzima, mpaka darasa la mwisho waliisikia.

"Wenyewe ndio mimi, Mkuu. Nimemzaa mimi, ni mwanangu. Mzee, fungua geti. Mama yake nimefika."