Namba Iliyoshuka

Mzee Tijani, au "Si" Tijani kama tunavyomwita mtu wa heshima hapa Tunisia, alikuwa fundi saa mjini Sfax, na moyo wake ulikuwa umechoka. Tulimlaza wodi ya wagonjwa mahututi, tukambandika kifuani vile vibandiko vya waya vinavyopitisha umeme mdogo ambao mtu hausikii. Maji yakijaa kifuani, namba kwenye mashine hushuka. Hakuna sindano, hakuna maumivu.

Saa nne asubuhi muuguzi Zohra, aliyeanza kazi pale kabla mimi daktari sijaingia chuo, akaniambia namba imeshuka kutoka thelathini hadi ishirini na nne. Nyuma yangu walikuwapo wanafunzi watano wa udaktari. Nilimsikiliza mzee mgongoni harakaharaka, sikusikia dalili ya maji.

"Dada Zohra, mgonjwa anatoka jasho, vibandiko vimelegea," nikasema. "Au siku hizi unatibu mashine?"

Wanafunzi wakacheka. Zohra akabandika vibandiko upya, namba ikabaki palepale, akanifuata tena kuniambia. Nikamjibu kwamba nimeshasikia.

Saa saba mchana Si Tijani akaanza kuzama akiwa kitandani. Midomo ikawa ya buluu, povu lenye damu likamtoka, mkono wake ukaning'ang'ania koti. Tukamvika barakoa ya kusukuma hewa, tukamchoma dawa ya kutoa maji mwilini. Zohra alikuwa na sindano mkononi kabla sijamaliza kuagiza.

Alasiri mzee alikuwa anapumua. Binti yake, Monia, akanibusu bega huku analia, akisema nimemwokoa baba yake. Zohra alikuwa hapohapo, anabadilisha shuka. Nami nikazipokea zile shukrani. Nikasema tumshukuru Mungu. Hilo linanichoma mpaka leo kuliko hata kosa lenyewe.

Kesho yake niliwakusanya wanafunzi walewale, nikawasimulia yote, nikamwomba Zohra msamaha mbele yao. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea na kazi. Kisha nikaenda kwa Si Tijani na binti yake, nikawaambia ukweli. Monia akatoka nje.

Mzee akaisogeza barakoa pembeni.

"Mimi nilijua tangu asubuhi," akasema. "Pumzi ilikuwa inakata. Huyu dada Zohra aliniuliza, nikamwambia. Wewe hukuniuliza, mwanangu."



Siku ya tisa aliruhusiwa. Alimshika Zohra mkono kwa muda mrefu, na mimi akaniaga kwa adabu, kama anavyoagwa mgeni.