Vipande Hamsini vya Maji

Mama Estelle alikuwa akichambua maharagwe mlangoni pake, mtaani Namuwongo, mumewe alipopanda kutoka mferejini, suruali imelowa hadi magotini. Huu ulikuwa mwaka wa tatu Anselme yuko kaburini, tangu ukuta wa zamani wa mfereji ulipomwangukia kazini. Mkewe alimsogezea kigoda.

"Umekuja kwa ajili ya ukuta, Papa Estelle."

"Kwa ajili ya mtoto."

Ukuta mpya wa mfereji ulikuwa hatua mbili kutoka kitanda cha binti yao. Ulijengwa kuhimili maji ya mita moja. Mvua za mwaka huu zilikuwa zimeyafikisha mita mbili. Tangu Jumapili Mama Estelle hakutulia. Anakaa, anainuka, anaenda kuugusa ukuta kwa kiganja, anarudi na kukuta chungu kimeungua.

Anselme alishuka tena, akaanza kuyachana maji yaliyoegemea ukuta, kwa mlalo, kutoka juu kwenda chini. Alichana vipande kumi. Mkewe akamwambia ni vinene mno, upande wa chini wa kipande unasukuma zaidi kuliko wa juu, hesabu itadanganya. Basi akachana upya, unene wa vidole viwili, kipande kimoja kwa kila Salamu Maria ya rozari. Vikatimia hamsini. Wakavianika kwenye kamba ya nguo. Havikudondosha hata tone.

Mama Estelle alivitundika kimoja kimoja kwenye mizani ya samaki. Ukubwa ulikuwa ule ule, ila cha kwanza kilivuta alama moja, cha pili mbili, cha chini kabisa hamsini. Alijumlisha huku akisali. Nusu ya juu, ile mita moja ambayo ukuta ulijengwa kuihimili, ilitoa mia tatu ishirini na tano. Vyote pamoja, elfu moja mia mbili sabini na tano.

"Maji mara mbili," alisema Anselme, "nguvu karibu mara nne."

Kesho yake, baada ya misa, Mama Estelle alivibeba kwenye beseni hadi kwa Okidi, mhandisi wa ukuta. Ripoti ya Okidi ilisema maji mara mbili ni nguvu mara mbili, na ukuta unahimili hata mara tatu. Okidi alivipima vyote bila haraka.

"Hesabu yako ni sahihi, nyabo. Ila ripoti imeshapigwa muhuri."

"Maji hayasomi muhuri, mwanangu."

"Najua."

Feni ilikuwa ikipeperusha karatasi. Okidi aliomba aachiwe kile kipande cha chini kabisa, akakiweka juu ya ripoti ili isiruke.

Chumba chao kilikuwa kimoja. Mama Estelle alisogeza kitanda hadi kikagusa mlango. Jioni alimkuta Anselme ameketi, mgongo kwenye ukuta wa mfereji, mabega yakiwa theluthi moja ya kimo cha maji kutoka chini, pale ambapo nguvu yote ya maji inakutana. Alitandika mkeka kando yake, akatoa rozari, naye akaegemea.

Mvua ilianza kugonga bati. Estelle alileta sahani tatu za maharagwe, akataka kukaa katikati yao. Mama yake akamwambia akae mlangoni na sahani yake, na asivue viatu.