Mbuzi Wanne wa Shemeji Fondo

Mwaka wa tisini na saba niliitisha harambee Kinango, nipate viatu na chakula cha safari yangu ya miguu hadi Ziwa Turkana. Watu walinicheka, lakini walitoa. Kisha shemeji yangu Fondo akaja na mbuzi wanne. Nikawapokea mbele ya wazee, nikashukuru kwa sauti, watu wakapiga makofi.

"Makofi ya nini?" mke wangu Kadzo akauliza. "Mwero, hao si wa mchango. Ni mahari yako, tunakurudishia ili ndoa iishe. Nimechoka kungoja mtu wa njiani."

Nikamrudishia Fondo kamba ya mbuzi. Akakataa kuishika.

"Umeshapokea, bwana. Mashahidi si hawa hapa?"

Ziwani nilifika. Nilikaa siku tatu, sina wa kumwandikia barua.