Shingo ya Alal

Okullo alistaafu uaskari jela miaka tisa iliyopita, lakini hadi leo nyumbani kwake Kyebando kila mlango hufungwa mara mbili, na kila jambo, liwe la kuku au la kanisa, yeye hulieleza kwa mifano ya wafungwa. Mkewe Nakhisa, Mbukusu aliyekuja Kampala kuuza nguo akaishia kuolewa kwenye kambi ya askari jela, alikwisha kumzoea. Mwaka wa thelathini na mbili huu walikuwa wakizungumza Kiswahili cha kambi, maana yeye hakujua Kiacholi, na mume hakutaka hata kusikia habari ya kujifunza Kibukusu. Mkaidi kama yule sijaona.

Sasa Nakhisa alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Daktari Nabangala alikwisha kuwaambia kwamba ni saratani, kwamba vipimo vinaonyesha bado iko mahali pamoja, na kwamba ikatwe Jumatano. Hii ilikuwa Jumatatu mchana, na Okullo alikuwa hajakubali. Nakhisa naye hakutaka kwenda kulala juu ya meza ile huku mumewe amenuna nyumbani.

"Mama Lanyero, sikiliza," Okullo alisema, akisogeza sahani kando. "Kule jela tulikuwa na nyapara mmoja mbaya sana. Mimi ndiye nilisema atolewe, apelekwe jela ingine. Wiki mbili tu, watu wake wakatawanyika wodi zote, fujo kila mahali. Hii kitu yako imetulia. Ukigusa na kisu, itatawanyika."

"Daktari anasema ikikaa ndiyo inatuma watu wake nje, kidogo kidogo. Itolewe sasa, halafu atanipa dawa ya kufuata kama kuna waliotoroka."

"Daktari hakumzika Alal."

Alal alikuwa dada mkubwa wa Okullo, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikatwa titi miaka sita iliyopita, na kabla ya mwaka kwisha akafa, saratani imejaa hadi kwenye ini. Tangu siku hiyo Okullo alikichukia kisu cha hospitali kama adui wa ukoo.

Nakhisa aliosha mikono, akaifuta kwenye kanga, akaja kuketi karibu naye kabisa.

"Baba Lanyero, nani alikuwa anamuogesha Alal?"

"Wewe."

"Leta mkono." Akauchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya mfupa wa bega lake, pale shingo inapoanzia. "Alal alikuwa na tezi mbili hapa, kama maharage. Niliziona mwezi mzima kabla ya kisu. Walikuwa wametoroka zamani. Kisu kilichelewa."

Okullo alimkodolea macho. "Mbona hukusema?"

"Alikataza."

"Kwa nini?"

Nakhisa hakupenda kulijibu swali hilo. Alikuwa amelikwepa miaka sita, na angalilikwepa mingine sita kama mwili wake ungalimruhusu.

"Kwa sababu wewe ndiye ulimwambia angoje."

Miezi minane ya kungoja. Okullo aliikumbuka yote: mizizi ya dawa iliyokuja na basi kutoka Gulu kila Jumamosi, na yeye mwenyewe kuichemsha kwenye sigiri, hataki mtu mwingine aiguse. Alal alikuwa akinywa huku anatabasamu, kwa kuwa mdogo wake ndiye aliyepika.

"Alal alisema, mdogo wangu akijua hatalala tena," Nakhisa aliendelea kwa upole. "Alisema, acha achukie kisu, kisu hakina roho. Nilimuahidi sitasema kamwe. Lakini sasa nikinyamaza ili wewe ulale, mimi nakufa. Nisamehe, baba. Nimejichagua."

Okullo alilia waziwazi, mzee mzima mwenye mvi, kamasi hadi kwenye masharubu. Mkono wake haukuondoka shingoni kwa mkewe. Vidole vilikuwa vikitafuta, polepole, upande huu na upande ule, na havikupata kitu isipokuwa mfupa na mshipa unaodunda. Nakhisa alimwacha atafute hadi aridhike.

Jumatano asubuhi Okullo alivaa viatu vyake vya kazi, vimeng'arishwa, akabeba yeye mwenyewe mfuko wa mkewe. Daktari Nabangala hakuwaahidi makubwa. Alisema atakata, atapima na tezi za kwapani, kisha wataona dawa ipi ifuate. Okullo aliitikia kila neno kwa kichwa, bila mfano hata mmoja wa jela.

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji aliwasimamisha wauguzi wawili waliosukuma kitanda, akainama, akaweka tena vidole shingoni kwa Nakhisa.

"Kuna mtu?" Nakhisa akamuuliza, akijikaza kucheka.

"Hakuna. Enda, mama. Mimi niko hapa."

Mlango ulipofungwa alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Alal," akasema kwa sauti, bila kujali nani anamsikia, "huyu nimemleta mapema."