Muhuri wa Seremala

Seremala alirudi nyumbani Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, miezi mitatu baada ya kuzikwa. Mkewe alikuwa sebuleni akitoa mawe kwenye mchele. Alimwona mumewe akiketi kwenye kiti kile alichokichonga mwenyewe mwaka waliooana, ila hakukigusa. Alining'inia hewani, shubiri moja juu ya mto.

"Umesahau nini?" mkewe akauliza.

"Sijasahau kitu, mama watoto. Kule ofisini wamefungua jalada langu. Sijaruhusiwa kwenda."

Saa saba akatoweka, saa nane akarudi, saa tisa na nusu akaondoka. Jumamosi hakuja, wala Jumapili. Hapo mkewe akaelewa kwamba anafuata saa za kazi.

Alikwenda ofisi ya vyeti vya vifo, dirisha la nne. Karani, kijana wa watu mwenye tai fupi, alipuliza vumbi kwenye jalada akamwonyesha muhuri mwekundu wenye neno moja la Kiingereza: "Pending".

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Bado, bibi. Inasubiri saini ya mkuu. Mkuu yuko semina."

"Mzee wangu ananing'inia."

"Ndiyo, neno hilo huwafanya hivyo," karani akasema, akamwita aliyefuata.

Mwezi wa pili tangu arudi ikaja barua kusema jalada limeshughulikiwa. Seremala naye akaja amesimama mlangoni, viatu mguuni, kofia mkononi, kama mtu anayengoja gari. Kuketi hakuweza kabisa. Muhuri sasa ulisema "Awaiting". Mwezi wa tatu barua nyingine, na "On hold", yaani limesimamishwa. Seremala akaja ameganda, mkono mmoja juu, na mkewe akashinda akimfukuzia inzi puani. Mwezi wa nne wakapiga "In progress". Akawa anaizunguka meza tangu saa mbili mpaka saa tisa na nusu.

"Hii maana yake kazi inaendelea," karani alisema. "Mzee si anatembea? Hiyo ni hatua, bibi."

"Anatembea kuizunguka meza. Zulia limetoboka."

Ndipo alipoliona kamusi nene mezani kwa karani, limewekwa uzi katikati. Akauliza ni la nini. Karani hakuficha. Kulikuwa na agizo kwamba jalada lisikae na neno lile lile zaidi ya siku thelathini. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi yeye hutafuta neno jingine lenye maana ile ile, analigonga, anaandika barua. Jalada lililobadilishwa neno linahesabiwa limefanyiwa kazi.

"Mwaka jana tulisifiwa kwa kasi," akasema.

"Na saini?"

"Saini ni jambo jingine, bibi."

Siku hiyo seremala alinung'unika kwa mara ya kwanza tangu afe. "Nimechonga majeneza ya mtaa mzima," alisema, akipita mbele ya mkewe, kisha nyuma yake. "Kila mtu alilala mara moja. Langu nililipiga randa siku tatu, nalilalia mwisho wa wiki tu. Nimechoka, mama watoto."

Kesho yake mkewe akaenda naye ofisini. Njia nzima seremala alimzunguka, na watu wakawapisha. Kwenye benchi walikuwapo marehemu wengine, wawili wakining'inia, mmoja ameganda na mwavuli wake.

"Mwombaji ni nani?" karani akauliza.

"Ni mimi," mkewe akasema.

"Na mimi ndiye marehemu," seremala akasema akipita dirishani.

"Una cheti?"

"Ndicho tulichokifuata."

"Sasa bila cheti, mzee, nitajuaje kwamba umekufa?"

Mama mmoja kwenye foleni alimgusa seremala bega. "Baba, ukizunguka tena rudi nyuma yangu. Sote tumeamka mapema."

Walikaa mpaka ofisi ikafungwa. Seremala akatowekea hapo hapo, na mkewe akarudi peke yake.

Mwezi wa tisa karani alifungua penye uzi, akapitisha kidole ukurasa mzima, akalifunga kamusi.

"Maneno yamekwisha, bibi. Tunaanza tena na lile la kwanza."

"Na mkuu?"

"Alirudi, akaenda semina nyingine."

Jumatatu, saa mbili kamili, seremala alikuwa juu ya kiti chake, shubiri moja juu ya mto. Mkewe alitoka uani, akarudi na matofali manne, akayaingiza chini ya miguu ya kiti, moja baada ya jingine, mpaka mto ukamfikia.

"Unasikiaje?"

Seremala akajitikisa kidogo, kama alivyokuwa akikagua kazi yake kabla ya kuitoa. "Mguu wa nyuma unacheza."

Mkewe akachukua barua ya mwezi huo, akaikunja mara nne, akaisukuma juu ya tofali, chini ya mguu ule. Kiti kikatulia. Akavuta sinia lake la mchele, akaendelea kutoa mawe.